Nota za Piano Husomwa kwa Umbali

Nota za piano huandikwa kwenye stafu mbili zilizofungwa pamoja upande wa kushoto kwa bano refu. Kila stafu ina mistari mitano na nafasi nne katikati ya mistari hiyo. Ya juu kwa kawaida ni ya mkono wa kulia, ya chini ni ya mkono wa kushoto. Sauti ikipanda, nota hupanda kwenye karatasi. Ikishuka, nota hushuka. Kwenye kinanda chenyewe, kupanda ni kwenda kulia na kushuka ni kwenda kushoto. Anayeanza akishika hayo, kwamba juu ni kulia na chini ni kushoto, ameshapata sehemu kubwa ya mfumo mzima. Yanayobaki ni matatu: nota ya kwanza iko wapi, inayofuata iko mbali kiasi gani kutoka ya kwanza, na kila moja inakaa kwa muda gani.

Wanafunzi wengi hawaanzishwi hivyo. Wanapewa herufi za kukariri: mistari ya stafu ya juu ni E, G, B, D, F, nafasi zake ni F, A, C, E, mistari ya stafu ya chini ni G, B, D, F, A, nafasi zake ni A, C, E, G. Kisha wanakaa kwenye kinanda na kuanza kuhesabu mistari kutoka chini, nota baada ya nota, wakitafuta jina, wakiliandika kwa penseli juu ya nota, halafu wakitafuta kitufe chenye jina hilo. Baada ya miezi michache ukurasa umejaa herufi, na jicho limezoea kusoma herufi hizo badala ya nota zilizochapwa. Siku mwanafunzi huyo anapopewa karatasi safi, anarudi mwanzo kabisa.

Njia hiyo ni ndefu bila sababu. Anayesoma vizuri hasomi majina ya nota moja moja, kama vile msomaji wa gazeti asivyotamka silabi moja moja za kila neno. Anasoma umbali uliopo kati ya nota na nota, na umbo linaloundwa na nota kadhaa zikiwa pamoja. Kwa Afrika Mashariki, ambako wapiga vinanda wengi hutoka kwenye kwaya, njia ya kufika huko ni fupi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu solfa, yaani do-re-mi za kwaya, imeshafanya nusu ya kazi.

Mistari ya stafu yenyewe ilizaliwa kutokana na shida ya kwaya. Mwanzoni mwa karne ya 11, mtawa wa Italia aliyeitwa Guido wa Arezzo alikuwa akifundisha nyimbo za ibada kwa waimbaji waliozishika kwa kusikia tu. Alama nyingi za zama hizo zilionyesha kama sauti inapanda au inashuka, lakini hazikuonyesha inapanda kwa kiasi gani. Guido alizipanga nota kwenye mistari na nafasi, akaupaka mstari wa F rangi nyekundu na mstari wa C rangi ya njano ili jicho liione mistari hiyo miwili kabla ya mingine. Aliandika kwamba mafunzo ya mwimbaji yaliyokuwa yakichukua miaka kumi yangeweza sasa kumalizika kwa mwaka mmoja au miwili. Ni yeye pia aliyechukua silabi za mwanzo za mistari ya utenzi mmoja wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ut (ndiyo do ya leo), re, mi, fa, sol, la, na kuzifanya majina ya ngazi. Kwa hiyo stafu na do-re-mi zilitoka kwa mwalimu mmoja, na mwalimu huyo hakuziona kuwa mifumo miwili inayoshindana.

Rangi za Guido zimepotea, lakini kazi yake bado inafanywa na klefu. Alama ile yenye mkunjo mkubwa mwanzoni mwa stafu ya juu ilitokana na herufi G, na mkunjo wake unauzunguka mstari wa pili kutoka chini. Mstari huo ni G. Alama iliyo mwanzoni mwa stafu ya chini ilitokana na herufi F, na nukta zake mbili zinaubana mstari wa nne kutoka chini. Mstari huo ni F. Kila klefu inatoa taarifa moja tu, na taarifa hiyo inatosha kupata nyingine zote.

Kati ya stafu hizo mbili ipo C ya kati. Inaandikwa kwenye mstari mfupi wa nyongeza chini ya stafu ya juu, au mstari mfupi wa nyongeza juu ya stafu ya chini. Kwa namna zote mbili ni kitufe kilekile. Piano kamili ina vitufe 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, na C ya kati ni C ya nne kutoka kushoto. Kwenye vinanda vya vitufe 61, ambavyo ndivyo vinavyoonekana zaidi makanisani, ni C ya tatu kutoka kushoto. C yoyote hutambulika kwa urahisi: ni kitufe cheupe kilicho mara tu kushoto mwa vitufe viwili vyeusi vilivyo jozi.

Mwanafunzi akiweka vidole gumba vyote viwili kwenye C ya kati na kuacha vidole vingine vikae kila kimoja kwenye kitufe chake cheupe, kidole kidogo cha mkono wa kulia kitaangukia G, na kidole kidogo cha mkono wa kushoto kitaangukia F. G hiyo ndiyo inayozungukwa na klefu ya juu. F hiyo ndiyo inayobanwa na nukta za klefu ya chini. Stafu mbili zimepangwa kwa ulinganifu kutoka katikati, kama viganja viwili vilivyokaa kwenye kinanda. Ulinganifu huo unaendelea mbali zaidi: C inayofuata kwenda juu iko kwenye nafasi ya tatu ya stafu ya juu ukihesabu kutoka chini, na C inayofuata kwenda chini iko kwenye nafasi ya tatu ya stafu ya chini ukihesabu kutoka juu. C nyingine ya juu iko kwenye mstari wa pili wa nyongeza juu ya stafu, na ya chini iko kwenye mstari wa pili wa nyongeza chini ya stafu. C tano pamoja na G moja na F moja ni alama saba za njia. Hizo zikaririwe kweli, hadi zitambulike bila kuhesabu. Nota nyingine yoyote haiwi mbali na mojawapo ya hizo.

Baada ya alama za njia kinachofuata ni umbali. Nota iliyotoka mstarini kwenda nafasi ya jirani imepiga hatua moja: kitufe cha jirani, kidole cha jirani. Nota iliyotoka mstari hadi mstari unaofuata, au nafasi hadi nafasi inayofuata, imeruka kitufe kimoja na kidole kimoja. Huo ni umbali wa tatu, maana nota zote mbili za mwisho huhesabiwa. Ikiruka mstari mzima na kutua kwenye wa tatu, huo ni umbali wa tano, kidole gumba hadi kidole kidogo. Kanuni nyuma ya hayo ni fupi: mstari kwa mstari au nafasi kwa nafasi ni umbali wa witiri, yaani tatu, tano au saba, mstari kwa nafasi ni umbali wa shufwa, yaani mbili, nne, sita au nane. Jicho likizoea, halihesabu tena. Linaona umbo la tatu, umbo la tano, umbo la nane.

Mfano mfupi unaonyesha tofauti ya njia hizo mbili. Nota ya kwanza imekaa kwenye mstari wa pili wa stafu ya juu. Ya pili iko kwenye nafasi iliyo juu yake. Ya tatu iko kwenye mstari unaofuata. Ya nne imeruka hadi mstari unaofuata tena juu yake, na ya tano imerudi pale ilipokuwa ya tatu. Anayesoma herufi ana majina matano ya kutafuta, G, A, B, D, B, na vitufe vitano vya kuwinda kimoja kimoja. Anayesoma umbali anahitaji jina moja tu. Anaona kwamba nota ya kwanza imekaa kwenye mstari wa klefu, anaweka kidole gumba kwenye G, kisha anafuata: hatua, hatua, ruka, rudi. Vidole ni cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha tano, cha tatu. Mkono haukusogea na macho hayakushuka kwenye kinanda hata mara moja. Mwanakwaya akiambiwa kwamba hapo do ni G, atazisikia nota hizo kichwani kabla hajazipiga: do, re, mi, so, mi.

Hapo ndipo solfa inapoingia. Mfumo unaotumika katika kwaya za Afrika Mashariki, wa herufi ndogo na nukta pacha, ulienezwa na John Curwen, mchungaji wa Uingereza aliyeishi kati ya 1816 na 1880, kwa kuuendeleza mfumo wa mwalimu wa Norwich, Sarah Glover. Curwen alitaka watoto wa shule za Jumapili na watu wa kawaida waimbe kwa kusoma bila kulipia mafunzo ya gharama. Wamisionari waliuchukua hadi Afrika, na ulishika kwelikweli. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule karibu na Johannesburg, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897 akitumia solfa, na tuni hiyo ndiyo inayoimbwa Tanzania kama Mungu Ibariki Afrika. Mfumo uliobeba kazi kama hiyo hauhitaji kuonewa haya na mtu yeyote anayejifunza piano.

Lakini kwa kinanda solfa ina upungufu. Herufi d na herufi s zimekaa kwenye mstari mmoja wa maandishi. Jicho haliambiwi kwamba moja iko juu ya nyingine, wala kwa umbali gani. Sikio lililofundwa linajua, mkono haujui. Sauti nne huandikwa katika safu nne za herufi, na mpiga kinanda anayetaka kuzipiga pamoja lazima asome safu zote nne kwa wakati mmoja, azigeuze kuwa herufi za ufunguo wa siku hiyo, kisha azitafute kwenye vitufe. Wapo wanaoweza, na wanastahili heshima. Kwenye stafu kazi hiyohiyo inaonekana kwa mtazamo mmoja: nota zilizopangwa wima zinapigwa pamoja, na umbali kati yake ndio umbali kati ya vidole. Curwen mwenyewe hapo mwanzo aliiona solfa kuwa msaada wa kumfikisha mwimbaji kwenye stafu.

Kwa hiyo mwanakwaya anayeanza piano asitupe solfa. Aihamishie kwenye mistari. Swali lake la kwanza anapofungua ukurasa liwe lilelile alilozoea: do ni wapi? Jibu limeandikwa karibu na klefu. Kama kuna shapu (♯), ya mwisho kulia ni ti, na do ni nota iliyo juu yake tu. Kama kuna flati (♭), ya mwisho kulia ni fa, na kutoka hapo anashuka hadi do. Shapu mbili ni F na C; ya mwisho ni C shapu, hiyo ni ti, basi do ni D. Flati moja ni B. Hiyo ni fa, basi do ni F. Pasipo alama yoyote, do ni C. Kwa wimbo wa hali ya huzuni unaotulia kwenye la, hesabu ni ileile, ila nyumbani pake ni la.

Do ikishapatikana, stafu inajipanga yenyewe. Do ikiwa kwenye mstari, mi na so zitakuwa kwenye mistari miwili inayofuata kwenda juu. Do ikiwa kwenye nafasi, mi na so zitakuwa kwenye nafasi mbili zinazofuata. Nota hizo tatu zikipigwa pamoja ni kodi ya nyumbani ya wimbo, na kwenye karatasi zinaonekana kama rundo la nota tatu zilizobebana, zote mistarini au zote nafasini. Mwanafunzi aliyeimba sauti ya tatu kwa miaka ameshazipata kodi hizo masikioni mara nyingi, sasa anaziona.

Majina ya nota hayaachwi. Yanahitajika mkono unaporuka mbali, mwalimu anaposema wapi pa kuanzia, mpiga gitaa anapouliza wimbo uko ufunguo gani. Yatakuja kwa kutumika, kutoka kwenye zile alama saba za njia kwenda nje. Kosa ni kuyafanya mlango pekee wa kuingilia.

Mapigo ndiyo yanayowaangusha wengi zaidi, na ndiyo yanayopewa muda mdogo zaidi wa kujifunza. Mpiga kinanda akikosea nota moja katikati ya wimbo, waimbaji hupita. Akipoteza pigo, kwaya nzima inayumba. Semibrevi, duara tupu lisilo na mkia, inakaa mapigo manne katika wimbo wa 4/4. Minimu, tupu yenye mkia, inakaa mawili. Krocheti, iliyojazwa yenye mkia, ni pigo moja. Kweva, yenye kibendera kimoja, ni nusu ya pigo, na semikweva ni robo. Nukta pembeni ya nota inaiongezea nusu ya muda wake, kwa hiyo minimu yenye nukta ni mapigo matatu. Kila nota ina pumziko lake la muda uleule, na pumziko huhesabiwa kwa uaminifu uleule kama nota.

Kuhesabu kwa sauti ni lazima, na Kiswahili kinasaidia hapa kwa namna ambayo walimu wachache huitumia. Moja, mbili, tatu na nne zote zina silabi mbili: mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne. Anayehesabu kwa Kiswahili na kutamka silabi zote kwa usawa anapata kweva mbili ndani ya kila pigo bila kuongeza neno lolote. Kweva ya kwanza inaangukia mo, ya pili inaangukia ja. Krocheti inajaza silabi zote mbili. Krocheti yenye nukta ikifuatwa na kweva, mtindo unaopatikana katika tenzi nyingi na unaoharibiwa mara nyingi, inakuwa mo-ja-mbi kwa nota ndefu na li kwa nota fupi. Mwanafunzi apige hivyo kwa kiganja mezani kabla ya kugusa kinanda.

Wimbo wa 6/8 unahitaji uangalifu wake. Una kweva sita katika kila kipimo (sehemu iliyo kati ya mistari miwili ya wima), zilizogawanywa makundi mawili ya tatu tatu, na uzito uko kwenye ya kwanza na ya nne. Nyimbo nyingi za mahadhi ya ngoma zinazoimbwa makanisani zina mwendo huu. Waimbaji wanaucheza kwa miguu bila shida. Shida ni kuutambua kwenye karatasi. Ishara ni zile kweva zilizounganishwa tatu tatu kwa mstari mnene mmoja. Anayeziona hivyo aache kuhesabu sita na ahesabu mawili makubwa, kila moja likiwa na tatu ndani yake.

Mikono miwili ndiyo hatua inayowatisha wanaoanza, na hofu yao ina msingi: ni stafu mbili, klefu mbili, na kazi mbili kwa wakati mmoja. Dawa iliyothibitika ni kuanza na muziki ambao mikono yote inapiga kitu kimoja. Béla Bartók, mtunzi wa Hungaria, aliandika kati ya 1926 na 1939 mkusanyiko wa vipande 153 uitwao Mikrokosmos, katika vitabu sita, na kitabu cha kwanza kinafunguka kwa nyimbo ambazo mikono miwili inapiga nota zilezile, moja juu na moja chini, ndani ya vidole vitano. Hapo mwanafunzi anajifunza klefu zote mbili kwa pamoja, bila kuichukulia stafu ya chini kama somo la mwaka ujao. Kuchelewesha mkono wa kushoto ni chanzo cha wapiga kinanda wanaosoma stafu ya juu vizuri na kubahatisha ya chini maisha yao yote.

Tenzi za sauti nne ni hatua nzuri baada ya hapo. Sauti ya kwanza na ya pili huandikwa stafu ya juu, mikia ya kwanza ikielekea juu na ya pili ikielekea chini. Sauti ya tatu na besi hukaa stafu ya chini kwa utaratibu uleule. Wengi hupiga sauti ya kwanza kwanza kwa sababu ndiyo wanayoijua. Inafaa zaidi kuanza na besi. Besi ndiyo inayoshikilia kodi, ndiyo inayowaweka waimbaji kwenye sauti yao, na ndiyo isiyojulikana kwa sikio, kwa hiyo inamlazimisha mwanafunzi asome kweli. Besi na sauti ya kwanza pamoja, kwa mikono miwili, tayari ni muziki unaoweza kuongoza kwaya ya mtaa. Sauti za katikati zitaongezwa baadaye.

Macho yanapaswa kuwa mbele ya vidole. Mwanasaikolojia wa Uingereza John Sloboda alilichunguza hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 1974: aliondoa nota mbele ya wasomaji katikati ya kupiga na kuwaambia waendelee. Wasomaji wazuri waliendelea kwa usahihi hadi nota saba hivi; walio dhaifu waliishia nota tatu au nne. Umbali huo wa macho mbele ya mikono haupatikani kwa kusimama kila panapokosewa. Unapatikana kwa kupiga polepole, polepole kuliko mtu anavyopenda, na kutorudi nyuma. Nota iliyokosewa iachwe ilipo, pigo liendelee. Baraza la mitihani ya muziki la ABRSM, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1889 na ambalo mitihani yake hufanywa pia Kenya, humpa mtahiniwa nusu dakika ya kutazama kipande asichokijua kabla ya kukipiga. Nusu dakika hiyo inatosha kwa anayejua pa kutazama: do ni wapi, mapigo ni mangapi, kila mkono unaanzia wapi, na ni kipimo gani kigumu kuliko vingine vyote. Mwendo unapangwa kwa kufuata kipimo hicho kigumu.

Yapo mazoea mawili ambayo yanapaswa kuachwa kabisa. La kwanza ni vibandiko vya herufi juu ya vitufe. Vinayavuta macho chini kwenye kinanda wakati kazi yake iko kwenye karatasi. La pili ni kitufe cha transpozi kwenye vinanda vya umeme. Mpiga kinanda anayepiga nyimbo zote kama C na kuiachia mashine ihamishe sauti anafanikisha ibada ya Jumapili hiyo, na hakuna wa kumlaumu. Ila anapojifunza kusoma, kitufe hicho kinamharibia: karatasi inasema G, kidole kiko kwenye G, na sikio linasikia B flati. Jicho na mkono vinafundishwa jambo moja, sikio linafundishwa jingine. Anayeanza kusoma azime kitufe hicho, apige katika ufunguo ulioandikwa, hata kama mwezi mzima utaishia kwenye C, G na F peke yake.

Kupiga kwa sikio ni kipaji kikubwa, na makanisa ya Afrika Mashariki yana watu wanaoweza kuifuata kwaya iliyobadilisha ufunguo katikati ya ubeti bila kuambiwa. Kusoma nota hakuui uwezo huo. Kunampa mtu huyo nyimbo ambazo hajawahi kuzisikia, na kunamwezesha kuziandika zake ili zipigwe mahali ambako yeye hayupo.

Kuhusu muziki wa kujifunzia, kanuni ni moja: uwe mwepesi kuliko uwezo wa vidole, na uwe mpya kila siku. Wimbo uliorudiwa mara ishirini hausomwi tena, unakumbukwa. Kipande cha vipimo vinane kinachosomwa mara mbili na kuachwa kinafundisha kusoma zaidi ya ukurasa mgumu unaopigwa kwa miezi mitatu. Tuni ya Wimbo wa Furaha ya Beethoven, kutoka Simfonia yake ya tisa ya 1824, inafaa sana siku za mwanzo kwa kuwa karibu yote inatembea hatua kwa hatua na sehemu yake ya kwanza haitoki nje ya vidole vitano. Baadaye kidogo ipo Minueti ya G iliyo katika daftari la Anna Magdalena Bach la 1725, ambayo kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ya Johann Sebastian Bach hadi ilipotambuliwa kuwa ya Christian Petzold. Hiyo ina kila kitu: hatua, miruko ya kodi, mapigo matatu, na mkono wa kushoto wenye kazi yake yenyewe. Vipande hivi ni vya zamani na havina mmiliki, kwa hiyo hupatikana kwenye intaneti bila malipo.

Shule za kufundisha haya zipo. Nairobi ina Kenya Conservatoire of Music tangu 1944. Zanzibar ina Dhow Countries Music Academy tangu 2002. Lakini kijana wa Sumbawanga au Kitui hafiki huko, na kwake kwaya ndiyo shule. Kwa hiyo wito huu ni kwa viongozi wa kwaya. Panapotengwa fedha za kinanda, zitengwe pia za vitabu vya nyimbo vilivyoandikwa kwa stafu. Walimu wa kwaya wanaotunga kwa solfa waziandike nyimbo zao kwa stafu pia, hata kama ni besi na sauti ya kwanza tu. Na kinanda kinachofungiwa ndani kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa kifunguliwe nusu saa kila siku kwa mwanafunzi mmoja na karatasi asiyowahi kuiona.